Kitabu Kilichochelewa Kumfikia Mama

Hapa Kairo waandishi wote hujifungua mwezi mmoja. Pita madukani mwezi wa Julai uulize riwaya mpya, muuzaji atakutazama kama umeuliza barafu. Lakini Januari, maonyesho ya vitabu yakikaribia, kila mwenye kalamu anahangaika na wachapaji, kila mchapishaji anatukana mtambo wake, na kitabu kisichowahi meza za maonyesho kinahesabiwa kuwa hakikuandikwa. Watu wazima na akili zao wanakonda kwa ajili ya hizo siku chache. Kaka yangu Raafat ni mmoja wao. Nampenda, na bado nina hasira naye, na sitazitenganisha hizo mbili eti kwa kuwa hapa naandika.

Mama yetu, Insaf, alikuwa mkutubi wa shule ya wasichana huku kwetu Shubra. Mtaa mzima ulimwita Abla Insaf, yaani mwalimu Insaf, hata wauza mboga ambao hawakusoma kwake. Alipostaafu hakustaafu kitu. Kila Ijumaa baada ya swala watoto wa jengo letu walipanda ngazi mpaka kwetu, wakavua viatu mlangoni, naye akawasomea hadithi mpya alizonunua kwenye maonyesho ya mwaka huo. Kila mwaka alinunua mafungu mawili: la riwaya za wakubwa, alizosoma mwenyewe kitandani, na la vitabu vya vijana, alivyosoma kwa sauti. Vya vijana alivichagua kwa ukali zaidi. Alisema mtu mzima akidanganywa na kitabu atajijua mwenyewe.

Alikuwa na sheria moja. Kitabu husomwa kuanzia ukurasa wa kwanza wenye maneno, ikiwa ni pamoja na ule wa tabaruku, ambao watu wengi huuruka. Aliwaambia watoto kwamba aliyetajwa pale ndiye mwenye nyumba, na huwezi kuingia ndani ya nyumba ya mtu bila kumsalimia. Kwa hiyo kama mwandishi amemtabarukia mkewe Samira, watoto wote kwa pamoja walisema, "Salaam kwako, Samira." Na kama imeandikwa kwa roho ya fulani, yaani huyo fulani amekwisha kufa, walisema, "Mungu amrehemu." Ndipo hadithi ilipoanza.

Sasa Raafat alikuwa ametoa riwaya tatu, zote za watu wazima. Ya kwanza alimtabarukia mkewe. Ya pili aliwatabarukia rafiki zake wa mkahawani, kundi la wavuta shisha wasiolipa. Ya tatu aliutabarukia mji wa Iskandaria, ambako aliishi mwaka mmoja tu tena kwa manung'uniko. Kila kitabu mama alikinunua kwa pesa yake, akakifungua, akausoma ukurasa ule, akamtania.

"Hata Iskandaria imenitangulia," alisema. "Na mimi nakaa kitabu gani, mwanangu? Au nikajenge ufukweni ndio unione?"

Raafat akacheka, akambusu kichwani, akaahidi kwamba cha nne kitakuwa chake, na kitakuwa cha vijana, ili awasomee watoto wake wa Ijumaa. Mama alilishika neno hilo. Kwa miaka miwili kila jirani aliyepanda ngazi zetu aliambiwa kwamba Raafat anaandika kitabu na ukurasa wa kwanza una jina la mama yake. Alijifanya analisema kwa mzaha. Mimi niliyekuwa naishi naye nilijua kwamba hakuwa na mzaha nalo hata kidogo.

Mwezi wa Oktoba aliugua. Kisukari kilikuwa kikimla taratibu siku nyingi, sasa kikaingia kwenye figo, na asubuhi moja nilimkuta hajibu. Alilala hospitalini wiki kadhaa, hajui nani kaingia nani katoka. Daktari alitutoa nje hadi kwenye ujia akatuambia, kwa upole wa watu wanaosema maneno hayo kila siku, kwamba tujiandae.

Mimi nilijiandaa kwa kukaa. Nilichukua likizo kazini kwangu posta, nikakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kitanda chake, nikamsugua miguu. Raafat alijiandaa kwa kuandika. Alikuja siku za kwanza, akalia, akasimama dirishani, kisha akaanza kuja mara mojamoja, halafu akawa anapiga simu. Alisema hawezi kumwona vile. Alisema mchapishaji wake, Ustadh Shauki, anafunga orodha ya matoleo mapya ya Januari, na kama hajakabidhi kitabu sasa basi ni mwaka mwingine. Nilimwambia mwaka mwingine utakuja bila kuombwa. Nikakata simu.

Mama hakufa. Mwishoni mwa Novemba alifungua macho, akauliza kwa nini mdomo wake una ladha ya chuma, na baada ya siku chache akaanza kugombana na wauguzi kuhusu chumvi. Nilicheka mpaka nikalia. Tulimrudisha nyumbani amekonda, miguu haimbebi, na macho yamekwisha. Aliona mwanga na vivuli, lakini herufi hapana. Aligundua hilo asubuhi. Jioni akaniuliza kama Raafat amemaliza kitabu.

Nikamwambia amemaliza.

"Basi si neno," akasema. "Atanisomea mwenyewe. Hicho kimoja tu. Vingine nimesoma vya kutosha."

Siku mbili kabla ya maonyesho kufunguliwa nilikwenda kwa Raafat kumpelekea mahashi, mboga zilizojazwa wali, mama alizotaka apelekewe. Mkewe alinifungulia mlango bila kunitazama usoni. Kwenye meza ya chakula kulikuwa na maboksi ya vitabu vipya, vinanuka wino, jalada la bluu na njiwa juu ya paa la jengo. Raafat alikuwa amekaa na wembe. Alikuwa akifungua kitabu kimoja baada ya kingine, anakata ukurasa, anauweka kwenye mfuko wa taka.

Nikachukua ukurasa mmoja nikausoma. Uliandikwa hivi: *Kwa roho ya mama yangu, Insaf, aliyenifundisha kusoma, ambaye kitabu hiki kilichelewa kumfikia.*

Nilikaa chini. Mahashi nilikuwa nimeyashika bado.

Alinieleza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyevunja kioo. Alikuwa ameuandika wakati ule wa hospitali. Daktari alisema tujiandae. Kitabu kilikuwa kinatoka Januari, na Januari, kwa hesabu ya kila mtu, mama asingekuwepo. Alitaka ukurasa uwe sahihi siku kitabu kitakaposomwa. Mama alipofumbua macho, Raafat alimkimbilia Ustadh Shauki, lakini kazi ilikuwa imekwisha kuchapwa, kwa sababu mchapaji aliwahisha vitabu vya vijana kabla ya zile riwaya nene. Sasa alikuwa anakata. Boksi moja lilikuwa limekwisha kwenda kwenye duka la mjini, hilo halikurudi.

Nikamwambia amwambie mama.

"Nimwambie nini, Ibtisam? Kwamba nilimzika akiwa hai?"

"Ndiyo. Mwambie hivyohivyo. Atakutukana wiki moja, halafu atacheka."

"Hatacheka."

"Kama huwezi kumwambia, mbona uliweza kuandika?"

Aliendelea kukata. Niliondoka, na nilipofika nyumbani jirani yetu wa chini akaniuliza kama nina mafua, maana macho yalikuwa mekundu.

Maonyesho siku hizi yako mbali, huko Tagamoa, jangwa lililotandazwa lami. Tulimpeleka mama kwa teksi, na kiti cha magurudumu tulikiazima msikitini. Alivaa koti lake la kijani na hina mpya kichwani. Ukumbini kulikuwa na msongamano wa vijana, mabegi mgongoni, wanapiga picha na waandishi wao kama wachezaji wa mpira, na mama alifurahi kuliko wote. Hakuona, lakini alisikia. Aliniuliza kila meza tuliyopita inauza nini kipya, nikamsomea majina ya riwaya za mauaji, za mapenzi, za majini, na yeye akitoa hukumu kwa kusikia jina tu.

Kwenye meza ya Ustadh Shauki alikataa kupewa kitabu bure. Alitoa noti kutoka kwenye mkoba wake, akampa muuzaji mkononi, akapokea kitabu, akakipapasa jalada, akakinusa. Tukamweka pembeni ya Raafat, aliyekuwa anatia saini. Mama alikaa wima, kitabu mapajani, kama mama wa bwana harusi.

Foleni ilikuwa nzuri kwa kitabu cha vijana. Akaja msichana wa shule ya sekondari, kidato cha mwanzo hivi, miwani, ushungi wa kijivu. Aliweka kitabu chake mezani. Alisema alikinunua mjini juzi na amekwisha kukimaliza. Nilipomwona anakifungua pale mbele, nikajua kabla ya kuona. Ukurasa ulikuwepo.

"Ustadh," alisema, na alikuwa na adabu kweli, "pole sana kwa kufiwa na mama yako. Nililia nilipousoma ukurasa huu. Nilianza kulia hata kabla ya hadithi."

Raafat alishika kalamu tu. Watu wa nyuma walisubiri. Nikataka kusema kitu, chochote, lakini mama alitangulia. Aligeuza uso upande wa sauti ile.

"Umeandikwaje, binti yangu? Nisomee, macho yangu mabovu."

Yule msichana akamsomea. Alisoma vizuri, polepole, kila neno mahali pake, na jina la mama akalitamka sawasawa. Alipomaliza, mama alikipapasa kitabu mapajani. Kisha akasema, "Mungu amrehemu." Na msichana, kwa heshima, akasema naye, "Mungu amrehemu."

"Alipenda sana kusoma," mama akamwambia.

Msichana akaondoka na saini ambayo haikusomeka. Hakujua kamwe, na nashukuru hakujua.

Tulirudi kwa teksi. Raafat alikaa mbele na dereva. Tulipofika alimbeba mama ngazi zote mgongoni, kama alivyofanya tangu mama atoke hospitalini, akamweka kwenye kiti chake karibu na dirisha. Akapiga magoti. Alianza kusema kuhusu daktari, mtambo, tarehe. Mama akamnyooshea mkono akampata shavu.

"Wacha hayo. Nilikuwa nakusikia hospitalini, unajua? Siku za mwanzo. Nilikusikia ukilia pale dirishani. Halafu sikukusikia tena. Nikawa nasikia kiti cha Ibtisam tu, kile kinacholia kikisogezwa. Nilikuwa najiuliza umekwenda wapi." Akavuta pumzi. "Kumbe ulikuwa unaniandika."

Raafat alilia kwa sauti. Mimi nilikuwa nimesimama na birika mkononi na sikujua nimwonee huruma nani.

"Umesema kimechelewa kunifikia," mama akasema. "Kimechelewa wapi? Niko hapa. Nisomee, ukurasa wako uwe uongo. Lakini anzia mwanzo, kama kitabu chochote. Mwenye nyumba asalimiwe."

Raafat alikuja kesho yake alasiri. Nilimpikia kahawa nikawaacha. Aliufungua ule ukurasa, kwa maana alileta nakala nzima isiyokatwa, mama aliitaka hiyo. Nikiwa jikoni nilimsikia akikohoa. Nilimsikia akisema "Kwa roho," kisha kimya, kisha tena "Kwa roho." Baadaye akasema sauti imemkauka, atarudi kesho. Kesho akaja tena. Akamwomba mama waanzie sura ya kwanza, ile ya mvulana na njiwa, ni nzuri, ataipenda. Mama akasema ataipenda ikifika zamu yake.

Nilimvuta mama pembeni, kama unaweza kumvuta pembeni mtu aliye kwenye kiti. Nikamwambia aache ukaidi, mwanawe anaumia. Akaniambia na yeye anaumia, na ameamua kuumia kwa mpangilio. Nikajitolea kuusoma ukurasa mimi, halafu Raafat aendelee na hadithi.

"Wewe uliandika?" akaniuliza. "Basi asome aliyeandika. Nataka kuusikia kutoka mdomoni kwake, nimwitikie, yaishe. Nikishaitikia tutacheka sote. Kwani hujui?"

Nilijua. Ndicho kilichokuwa kinaniua, kwamba kilikuwa kitu kidogo hivyo. Maneno ya mstari mmoja. Kaka yangu alikuwa anasoma kurasa kwa kurasa mbele ya umati, redioni, kwenye vituo vya utamaduni, na kitabu kilikuwa kinasifiwa, na alikuwa hawezi kusoma mstari mmoja kwa mwanamke mmoja.

Akaanza kupunguza kuja. Kulikuwa na mahojiano kuhusu matoleo mapya ya mwaka, kulikuwa na shule zilizomwalika. Simu zikarudi, zilezile za Novemba. Kila siku aliniambia nimwambie mama kwamba atakuja kesho. Mama alikuwa anasikia simu ikiita na anasema, "Huyo ni kesho anapiga." Watoto wa Ijumaa walikuja wakauliza kitabu cha njiwa, wengine walikuwa wamekwisha kukisoma shuleni na wanawasimulia wenzao ngazini. Mama aliwakataza wasiseme mwisho wake akasikia. Aliziba masikio kwa viganja kama mtoto, nao wakacheka.

Ramadhani ikaingia. Mama hakufunga, alikatazwa, lakini alikataa kula mbele yangu. Wiki ya pili alianza kuvimba miguu. Daktari akabadilisha dawa. Nilimpigia Raafat mwenyewe, nikamwambia aje, na safari hii sikumtania wala sikumgombeza. Akasema atakuja kufuturu siku inayofuata na atasoma. Aliapa. Nikamwambia mama, naye akaniamuru nihamishe taa ya mezani iwe karibu na kiti cha Raafat, kwa kuwa taa ya darini inaumiza macho ya msomaji. Akaniambia nipike molokhia, ule mchuzi wa mlenda, ndiyo Raafat anayoipenda.

Alasiri nilikuwa namenya vitunguu saumu. Niliingia kumuuliza kama nitie bizari nyingi, nikamkuta ameinamisha kichwa upande wa dirisha. Nilimwita. Nilimwita kwa jina lake, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kufanya maishani. Mkono wake ulikuwa bado una joto.

Raafat alifika kabla ya adhana. Nilimfungulia mlango na hakuna aliyemwambia, aliona. Kitabu kilikuwa mfukoni mwa koti lake, na kilibaki humohumo usiku ule, na asubuhi alipoubeba mwili wa mama begani na wanaume wa mtaa kilikuwa bado humo. Nililiona jalada la bluu limechomoza mfukoni, nikatamani kumpokonya nikitupe barabarani. Saa hiyo hiyo nilitamani kumshika mkono asianguke.

Siku ya tatu, watu wa tanzia walipokuwa wanapungua, Ustadh Shauki alipiga simu. Alitoa pole. Halafu, kwa kusitasita, akasema kitabu kimekwisha madukani na mchapaji anangoja toleo la pili, na wanajua kulikuwa na lile kosa kwenye ukurasa wa tabaruku. Alitaka kujua walisahihisheje. Nilikuwa nimekaa karibu, nikasikia yote.

"Hakuna kosa," Raafat akasema. "Chapa kama ulivyo."

Ijumaa baada ya Idi watoto walipanda ngazi. Hakuna aliyewaita, nadhani ni mazoea. Walivua viatu mlangoni wakaketi mahali pao, wakikitazama kiti cha mama. Nilitaka kuwaambia warudi kwao. Raafat alitoka chumbani na kitabu, hakukaa kwenye kiti cha mama, alikaa sakafuni nao. Akakifungua. Akasoma ukurasa ule kwa sauti, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, hakukwama mahali popote.

Watoto hawakusubiri kuambiwa. Waliitikia kwa pamoja kama mama alivyowafundisha, wadogo kwa wakubwa, kwa sauti ile ya darasani: "Mungu amrehemu." Kisha mmoja akamwambia Raafat aendelee.